Uzi: Picha ya simu niliyopiga Boma Ng'ombe, na namna nilivyoichora upya kwa pasteli

Vumbi la Chaki (mleta uzi)

Wana jukwaa, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Naandika kutoka Moshi, Pasua. Februari mwaka huu nilikuwa natoka Arusha kurudi nyumbani kwa kosta. Tulipofika Boma Ng'ombe gari likasimama kushusha watu, nami nilikuwa dirishani upande wa kushoto. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Mlima Kilimanjaro ulikuwa umefunguka wote, kilele cha Kibo mpaka cha Mawenzi. Huku chini kivuli cha maduka na miti kilishatufunika, lakini kule juu theluji ilikuwa bado inaota jua. Mbele yangu kabisa, pembeni ya lami, alikuwepo mama anachoma mahindi. Ameinamia jiko, na makaa yanamwangaza kidevu na mikono. Nikatoa simu, nikapiga picha moja, gari likaondoka.

Nyumbani nikaifungua ile picha, moyo ukanisinyaa. Mlima umekuwa kama jino la mtoto. Yule mama ni pande la weusi, hana uso, hana nguo. Makaa ni kidoa cheupe. Mbingu imepauka. Vitu vyote vipo, lakini jioni ile haipo.

Nilikaa nayo miezi minne. Sasa nimeichora kwa pasteli mara tatu, na ya tatu naionea fahari. Nimetafuta maelezo ya Kiswahili kuhusu pasteli nikakosa, na najua humu wapo wengi wenye picha za safari simuni zinazowauma kama hii ilivyoniuma. Kwa hiyo nitaeleza nilivyofanya, kidogo kidogo. Mwenye swali aulize hapohapo.

Dada wa Njiro

Nimekaa mstari wa mbele. Pasteli ndiyo zile kalamu za mafuta za watoto wa chekechea, au ni kitu kingine?

Vumbi la Chaki

Dada, swali hilo ndilo la kwanza hasa, maana mimi lilinigharimu. Kuna pasteli za aina mbili kubwa. Zile unazoziona kwenye maduka ya vifaa vya shule, zenye ngozi ya karatasi na zinazonata vidoleni, ni pasteli za mafuta. Zimetengenezwa kwa rangi, nta na mafuta yasiyokauka. Si mbaya, wapo wanaofanya nazo kazi nzito, ila hazifutiki wala hazichanganyiki kirahisi.

Ninazotumia mimi ni pasteli laini. Hizo ni unga wa rangi, chokaa kidogo, na gundi hafifu sana ya kuushika unga usisambaratike. Basi. Ukiipitisha kwenye karatasi inaacha unga mtupu, haina kukauka, haina kusubiri. Ndiyo maana rangi yake inawaka: hakuna mafuta wala vanishi kati ya jicho na unga.

Nilizunguka Moshi na Arusha, kote nikapewa za mafuta. Laini nilizipata kwa ndugu yangu aliyekuwa anarudi kutoka Nairobi, kasha la vipande 36. Ukiagiza, sisitiza neno "laini", na upate za ngumu chache za kuanzia mchoro.

Msafiri wa Mwenge

Mkuu, kwa heshima zote, chaki ni kitu cha darasani. Mchoro wa kuuza ni wa mafuta au Tingatinga. Watalii wenyewe pale Arusha wanataka Tingatinga.

Vumbi la Chaki

Tingatinga naiheshimu sana. Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam mwaka 1968, akafa 1972, na katika muda huo mfupi aliacha njia ambayo watu wanaifuata mpaka leo. Alitumia rangi za kung'aa za kupakia vyuma na baiskeli, juu ya hadibodi. Rangi ile imelala bapa na inang'aa, ndiyo uzuri wake. Jioni niliyoiona mimi haikuwa bapa. Ilikuwa vumbi, moshi wa jiko na mwanga unaofifia, na pasteli ni vumbi lenyewe. Nilichagua chombo kinachofanana na kitu.

Kuhusu udarasani: Rosalba Carriera, mwanamke wa Venice, alipokelewa kwenye chuo cha kifalme cha sanaa cha Paris mwaka 1720 kwa kazi zake za pasteli. Edgar Degas wa Ufaransa alifanya nazo kazi zake nyingi za uzeeni, akipaka tabaka juu ya tabaka. Na kwa kuwa pasteli haina mafuta ya kugeuka manjano, kazi za karne ya 18 zilizotunzwa nyuma ya kioo bado zina rangi mbichi.

Ticha wa Fizikia

Nakufuatilia. Mimi ni mwalimu, chaki za rangi ninazo za kutosha. Zitafaa?

Vumbi la Chaki

Kwa zoezi la mkono zitafaa mwalimu, lakini usizipe kazi unayotaka idumu. Chaki ya ubaoni ina rangi kidogo sana ndani yake. Ukirudia tabaka la pili haiongezi kitu, inazidi kupauka tu.

Sasa karatasi. Nilianza na manila, nikaumia. Manila ni laini mno, unga unateleza. Pasteli inataka karatasi yenye meno, yaani mikwaruzo midogo ya kuushika unga. Kwa mazoezi nilinunua msasa wa maji dukani kwa vifaa vya ujenzi, namba 400, ule mweusi. Jamani, pasteli juu ya msasa inakaa! Tabaka tano, sita, bado unashika. Ila msasa wa fundi haukutengenezwa kudumu kama karatasi ya sanaa, na unakula ncha za vidole mpaka unahisi moto. Mchoro wa tatu nimeufanya kwenye karatasi halisi ya pasteli ya rangi ya udongo mwekundu.

Hatua niliyoanza nayo haikuwa ya rangi kabisa. Niliigeuza picha kwenye simu ikawa nyeusi na nyeupe, nikafinya macho, nikachora vijipicha vidogo kama kiberiti, vinne, kwa mkaa. Giza liko wapi, nusu giza wapi, mwanga wapi. Usiiruke hatua hiyo. Nilipofanya hivyo ndipo nikagundua kwamba kwenye picha yangu theluji na mbingu vilikuwa na mwanga karibu sawasawa. Kumbe ndiyo maana mlima ulikuwa haujitokezi! Macho yangu jioni ile yaliona theluji inawaka na mbingu nyuma yake ina giza kidogo. Simu ilisawazisha vyote.

Ninaambatanisha mchoro wa kwanza, muuone na makosa yake.

Mrombo Halisi

Mkuu, hongera kwa kazi, ila hapo kuna kitu hakijakaa sawa. Mawenzi umeiweka kushoto. Mtu aliyesimama Boma Ng'ombe anaiona Mawenzi kulia kwa Kibo, na hata ukiwa Moshi mjini ni hivyohivyo. Anayeiona kushoto ni mtu aliye Amboseli, ng'ambo ya Kenya. Sisi tuliozaliwa Rombo Mawenzi ndiyo iliyo karibu yetu, hatukosei.

Vumbi la Chaki

Asante sana kaka, umeona kweli. Ilitokea hivi. Niliweka karatasi ya siagi juu ya picha, nikafuatisha mistari kwa mkaa, kisha nikaigeuza kifudifudi na kusugua ili mkaa uhamie kwenye msasa. Ukigeuza, kila kitu kinageuka, cha kulia kinakwenda kushoto. Nilikuwa nimezama kwenye rangi, sikuuona mlima wa kwetu umegeuka. Nilipouona niliumia, maana mlima huu nauangalia kila asubuhi tangu utoto.

Kwa hiyo nikarudi kwenye njia ya miraba. Picha nilikuwa nimeisafisha studio kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Nikaipiga mistari ya kalamu kila sentimita 2.5, ikatoka miraba 24. Karatasi ya kuchorea nikaikata sentimita 40 kwa 60, miraba 24 hiyohiyo ya sentimita 10. Halafu unachora mraba mmoja mmoja. Ni kazi ya subira, lakini kitu kinakaa mahali pake.

Ndipo likaja tatizo la pili, kubwa kuliko la Mawenzi. Nilipima mlima kwa rula kwenye ile picha: sentimita moja na nusu. Ukizidisha mara nne ni sentimita sita kwenye karatasi ya arobaini. Sita! Mlima ulionifanya nitoe simu mfukoni unakuwa mdogo kuliko jiko la mahindi. Mchoro wa pili uko hivyo, sahihi kwa miraba na umekufa.

Ticha wa Fizikia

Hapo kwenye ukubwa niruhusuni niongeze. Simu haijakosea, imefanya hesabu yake. Kutoka Boma Ng'ombe mpaka Kibo ni kilomita zisizopungua 35 kwa mstari wa ndege. Kibo ni mita 5,895, na kutoka usawa wa Boma hadi juu ni karibu kilomita 5. Ukipiga hesabu ya pembe unapata nyuzi 7 hivi. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi: upana wa ngumi ni nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo kimo chote cha mlima kinafichika nyuma ya ngumi. Watu hawaamini mpaka wajaribu.

Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, inakusanya eneo kubwa kisha inalibana kwenye karatasi ndogo. Chukua lenzi inayolingana na milimita 26 ya kamera za filamu. Picha yake iliyosafishwa kwa upana wa sentimita 15 ungepaswa kuishika sentimita 11 tu kutoka machoni ili mlima uwe na ukubwa uleule uliouona ukiwa garini. Nani anashika picha hivyo? Tunaishika mbali, mlima unanywea.

Vumbi la Chaki

Mwalimu, ubarikiwe. Nimetoka nje sasa hivi na ngumi yangu. Kweli.

Mrombo Halisi

Sasa ukiukuza kwenye mchoro si utakuwa unadanganya? Mlima una vipimo vyake.

Vumbi la Chaki

Nimelifikiria hili kuliko jambo lolote katika kazi hii, kaka, kwa hiyo nivumilie.

Mtu akitazama mlima hatazami lami, nguzo za umeme na paa la duka kwa wakati mmoja. Jicho linakwenda kwenye kitu na kukaa hapo, vingine vinarudi nyuma. Picha ya simu haina kitu inachokipenda. Imenipa nguzo ya umeme kwa uangalifu uleule iliyompa mama wa mahindi. Mimi sikwenda pale kuhesabu nguzo.

Kwa hiyo mchoro wa tatu nilifanya mambo mawili. Kwanza, nilikata. Nilichukua vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la herufi L, nikavisogeza juu ya picha mpaka mbingu tupu ya juu ikatoka, na lami ya chini ikatoka, na nguzo mbili zikatoka. Hapo tayari mlima ulishakua bila uongo wowote. Pili, nikaukuza kidogo zaidi, ukawa sentimita 13. Umbo lake sikuligusa: mteremko wa Kibo, bonde kati yake na Mawenzi, meno ya Mawenzi, vyote nilivipima kwa miraba. Ukubwa niliuamua mwenyewe. Unaweza kuita uongo. Naona ningekuwa nimedanganya zaidi kama ningeacha sentimita sita.

Mchora Viwanjani

Mimi nina neno gumu kidogo, sina nia mbaya. Kuchora kutoka kwenye picha ni kuchora maiti. Beba ubao wako uende Boma Ng'ombe ukae chini, uchore kilicho hai. Mimi huwa nachora Ziwa Duluti papo hapo, na Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Mwanga unakimbia, lakini unajifunza kwa saa moja kuliko picha mia.

Vumbi la Chaki

Sikatai, kaka. Ila basi linasimama dakika tano, na mlima ukifunguka hivyo jioni unakaa dakika chache rangi imeshageuka. Degas huyohuyo alishika kamera mwenyewe miaka ya 1890, hakuona aibu. Picha kwangu ni shahidi: ananiambia nani alisimama wapi. Mwanga sikumwuliza yeye, nilimwuliza kumbukumbu yangu.

Ila neno lako limenikaa.

Dada wa Njiro

Tuambie rangi sasa, tumesubiri.

Vumbi la Chaki

Haya. Hapa ndipo ninapopapenda.

Pasteli inapakwa kutoka giza kwenda kwenye mwanga, na kutoka kwenye ngumu kwenda kwenye laini. Ukianza na ile laini kabisa, unajaza meno ya karatasi mara moja, na tabaka la pili halina pa kushika. Basi nilianza na ngumu, nimezilaza ubavu, napitisha maeneo makubwa tu, bila kugusa uso wala jiko.

Na sikuanza na rangi ya kitu chenyewe. Chini ya mlima, ambao kwa jioni ile ulikuwa wa bluu na zambarau, nilipaka kwanza rangi ya tofali. Nikachovya brashi kwenye spiriti, nikaipitisha mpaka unga ukalowa na kuingia kwenye karatasi. Spiriti inakauka haraka na meno hayazibi. (Fungua dirisha, na jiko liwe mbali.) Kisha juu ya tofali ndipo nikaleta bluu, kwa mkono mwepesi sana, ili tofali ichungulie. Ukisimama mbali bluu ile inatetemeka. Ukipaka bluu juu ya karatasi nyeupe inalala kama ukuta wa zahanati.

Theluji: sikutumia nyeupe. Kwa saa ile theluji haikuwa nyeupe, ilikuwa ya waridi lililoingiwa na chungwa upande wa kushoto, kule jua lilikozamia, na bluu ya kijivu kwenye mikunjo. Nyeupe niliigusa mara mbili tu mwisho wa kazi, kwa ncha. Na theluji yenyewe tuiangalie vizuri, jamani, maana zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 imeshaondoka. Niliposhika kile kipande cha waridi nilijua nachora kitu ambacho wajukuu wangu huenda wasikione.

Miguu ya mlima nilikosea mara mbili. Nilikuwa naichora kwa giza, kwa sababu najua kuna msitu. Lakini hewa kati yangu na msitu ule, kilomita zote zile za vumbi la wilaya ya Hai, inaupausha. Kitu kilicho mbali kinakuwa cha bluu na hafifu, kingo zake zinayeyuka. Nilipozifuta kingo za chini kwa kidole, mlima ukasimama juu ya ukungu, kama ulivyokuwa. Ni mahali pekee nilipotumia kidole kwa wingi. Ukisugua kila mahali mchoro wote unakuwa uji.

Ticha wa Fizikia

Mbingu nyuma ya mlima umeionaje? Nauliza kwa sababu ukitazama mashariki jua linapozama, chini karibu na upeo kuna ukanda wa bluu ya kijivu unapanda, na juu yake ukanda wa waridi. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kimeangukia hewa. Ulikuwa unatazama kaskazini mashariki, lazima ulikuwa unaanza.

Vumbi la Chaki

Mwalimu!!! Niliuona, nikaupaka, sikujua ni nini. Kwenye picha ya simu haupo kabisa, mbingu ni nyeupe ya maziwa. Nilidhani labda ninautunga. Usiku wa leo nitalala vizuri.

Namalizia na mama. Kwenye picha ni weusi mtupu, na kosa kubwa la kuchora kutoka kwenye picha ni kuuamini weusi huo. Kivuli kina rangi. Kivuli chake kilikuwa na bluu kutoka mbinguni mgongoni, na chungwa kutoka kwenye makaa kifuani. Sikutumia nyeusi hata kidogo: niliweka kahawia nzito, juu yake bluu, juu yake zambarau. Kidevu, vidole na ukingo wa hindi nikavigusa kwa chungwa lilelile nililotumia kwenye theluji ya Kibo. Kipande kilekile cha pasteli, nilikishika mkononi kutoka mlimani mpaka kwenye jiko. Nilipokigusa kidevuni nililia kidogo, sifichi.

Kanga yake nikaipaka nyekundu, kama ninavyoikumbuka.

Fundi Vioo Ngarenaro

Mimi ni fundi fremu, Arusha. Kazi za chaki zinaletwa kwangu mara chache, na nyingi zinafika zimeharibika njiani. Naomba niseme kabla hujaifunga hiyo.

Weka kioo cha kawaida. Ile plastiki ngumu inayofanana na kioo usiweke, ukiipangusa inajichaji na kuvuta unga, mwezi mmoja unakuta mchoro umehamia kwenye plastiki. Na kioo kisiguse karatasi. Mimi hukata kadibodi nene yenye dirisha katikati, au naficha vipande vya mbao vya milimita tano pembeni mwa fremu, hewa ibaki katikati. Nyuma ziba vizuri kwa utepe, vumbi na wadudu wasiingie. Usitundike panapopigwa na jua, wala kwenye ukuta unaotoka unyevu wakati wa masika.

Kusafirisha: karatasi ya siagi juu, mbao mbili za hadibodi, funga kwa kamba, laza. Usikunje.

Pasua Kwetu

Jirani yangu anapuliza spreyi ya nywele kushikisha unga. Vipi hiyo?

Vumbi la Chaki

Nakuomba umzuie kwa upole. Spreyi ya nywele baada ya muda inageuka manjano. Ipo dawa maalumu ya kupuliza, na hata hiyo inazamisha rangi za mwanga: waridi la theluji lingekufa. Nilipuliza kidogo sana kwenye tabaka za mwanzo, juu sikupuliza, nimeachia kioo kifanye kazi, kama alivyosema fundi.

Dada wa Njiro

Nina pumu. Vumbi hilo litaniua au naweza kujaribu?

Vumbi la Chaki

Dada, zungumza kwanza na daktari wako. Mimi ninavyofanya: sipulizi unga kwa mdomo kamwe. Nausimamisha ubao wima ili unga uangukie kwenye karatasi yenye maji chini. Navaa barakoa, sili wala sinywi mezani pale, na nikimaliza napangusa kwa kitambaa kibichi, sifagii. Baadhi ya nyekundu na njano za bei kubwa zina kadimiamu, ambayo ni sumu, kwa hiyo soma kasha. Pasteli za mafuta hazitoi vumbi, pengine ndizo zako.

Mrombo Halisi

Naomba kuuliza kitu kimoja kabla hujafunga fremu. Yule mama anajua kama amechorwa? Ukiuza huo mchoro, sura ni yake.

Vumbi la Chaki

Kaka, uliuliza Jumanne, nami nilikosa jibu, nikanyamaza. Neno la Mchora Viwanjani nalo lilikuwa limenikaa. Jana nimepanda gari kwenda Boma Ng'ombe, mchoro nimeubeba katikati ya mbao mbili.

Nilimkuta palepale. Nikamwamkia, nikajieleza, nikafungua karatasi ya siagi. Alifuta mikono kwanza. Akatazama muda mrefu bila kusema, kisha akacheka akaita wenzake wa maembe na karanga. Mlima hakuusemea hata neno moja, anao kila siku. Akaniambia vidole nimepata, jiko nimepata.

Halafu akasema, "Lakini mwanangu, kanga hii si yangu. Mimi nyekundu sina."

Nikamwambia ndivyo ninavyokumbuka. Akasema Februari yote alikuwa anavaa ya kijani, mji wake, yaani sehemu ya katikati, kijani, pindo jeusi lenye michoro ya korosho, zawadi ya binti yake. Jirani yake naye akaitikia. Nikatoa simu, tukaikuza ile picha mpaka ikavunjikavunjika, na kwenye pande lile la weusi, karibu na goti, palikuwa na punje chache za kijani. Zilikuwepo miezi yote hii. Niliuangalia mchoro nikaona nyekundu ile niliitoa kwenye makaa nikamvisha.

Nimemwomba ruhusa, amekubali kwa sharti mbili: kanga irekebishwe, na apate nakala ya kutundika nyumbani. Akaenda kuileta kanga yenyewe, nikakaa kwenye kigoda chake nikaichora papo hapo kwenye daftari, kwa rangi, mpaka jina la kanga, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Jina sitaliweka hapa, ni ujumbe wa binti kwa mama yake. Nilikaa mpaka saa moja kasoro. Mchora Viwanjani, nimeelewa ulichokuwa unasema.

Mchora Viwanjani

Nami niliposoma kuhusu ukanda wa mwalimu nilirudi kutazama picha zangu za zamani za Duluti. Tuendelee, ndugu yangu. Nyekundu utaitoaje bila kuharibu karatasi?

Vumbi la Chaki

Brashi kavu ya nywele ngumu, ubao umesimama wima, unapangusa kuelekea chini taratibu, unga unaanguka. Kisha ile nyama laini ya ndani ya mkate, nabonyeza, sisugui, inanyonya unga uliobaki kwenye meno. Leo nimefanya hivyo. Imebaki kivuli cha waridi ambacho hakitaki kutoka, na nimeamua kukiacha, kwa sababu kijani juu yake kinapendeza kama bluu juu ya tofali.

Pindo nimemaliza. Korosho nne zimekaa, ya tano imeingia kwenye mkunjo wa goti. Fundi wa Ngarenaro, Ijumaa nakuletea, niwekee ile ya vipande vya mbao.